Jicho la Ndugu Yako Linatazama Wapi?

Wapendwa wa Gisenyi, wa Goma, na ninyi wote mliovuka mipaka kuja kushangilia nasi!

Leo nasema nanyi juu ya macho. Ibada ikiisha utasikia mtu ananung'unika: "Yule mama alinikazia macho." Kuanzia siku hiyo, salamu imekwisha. Sasa nakuuliza, mpendwa: unajua kweli alikuwa anatazama wapi?

Mungu ametupa jicho lenye weupe unaoonekana wazi. Gorila wetu wa Virunga, wengi wao pale pana weusi. Kwa weupe ule tunafuata macho ya mwenzetu.

Lakini jicho halisemi peke yake. Mwaka 1824 Mwingereza William Hyde Wollaston alionyesha kwa michoro kwamba macho yale yale, ukiyawekea uso ulioelekea upande mwingine, yanaonekana kutazama kwingine. Na mwaka 2013 wachunguzi waliona kwamba macho yasipoonekana vizuri, mtu huelekea kudhani anatazamwa yeye. Giza kidogo tu, ama miwani nyeusi, basi: "Ananitazama mimi!"

Fikiria pale Petite Barrière asubuhi, watu kwa maelfu. Mmoja anamtafuta mwanawe, mwingine anahesabu faranga kichwani. Wewe umekwisha kusema moyoni: "Ananichukia kwa sababu ya upande nilikotoka." Na kijana akishusha macho mbele yako mzee, ni heshima; usiseme eti anaficha jambo.

Mei 2021 Nyiragongo ilipolipuka, watu wa Goma walikimbilia huku kwetu kwa maelfu. Usiku wa namna ile, mgeni anahitaji kuulizwa: "Umekula? Watoto wako wapi?" Jicho peke yake halitoshi.

Soma Luka 22. Petro alipomkana Bwana, Bwana aligeuka akamtazama, naye akatoka nje akalia. Lakini Yesu hakumwacha na lile jicho tu. Katika Yohana 21, kando ya ziwa, alimuuliza kwa kinywa, mara tatu, kisha akampa kazi.

Nasi tuko kando ya ziwa. Kabla hujavuka kurudi kwenu leo, yule unayedhani alikutazama vibaya, mwendee. Msalimie kwanza. Kisha muulize, umsikilize mpaka amalize.

Mungu awabariki sana. Amina.