Aibu Isituangamize



Naamani, jemadari wa Shamu, nusura arudi kwao na ukoma wake kwa sababu ya kiburi. Watumishi wake ndio waliomsihi ashuke mtoni. Nasi wanaume wa Ufipa twaficha maradhi kwa aibu. Saratani ya tezi dume huanza kimyakimya, bila maumivu. Tukingoja hadi mifupa iume, huenda imekwisha kuenea, na kutoka Sumbawanga hadi Hospitali ya Ocean Road, Dar es Salaam, ni zaidi ya kilometa 1,000. Tuliotimiza miaka 50, au mapema zaidi ikiwa baba au kaka aliugua, tumwendee daktari tungali wazima, tumwulize juu ya kipimo cha damu. Akina mama, wasihini waume zenu. Nasi tukubali kushuka mtoni.