Fundo Lililosahauliwa

(Hotuba ya afisa wa mawasiliano wa kaunti kwa vijana wanaoongoza wageni kupanda miamba)



Nimeombwa niseme machache kuhusu usalama. Mimi ni mtu wa habari, na sijawahi kupanda chochote kirefu kuliko ngazi ya fundi. Kwa hivyo nitawaletea habari ya mtu aliyepanda.

Lynn Hill alizaliwa Marekani mwaka 1961. Kimo chake ni mita 1.57 tu. Kule Yosemite, California, kuna mwamba uitwao El Capitan, na njia yake maarufu, The Nose, ina takriban mita 900. Watu waliipanda kuanzia 1958, lakini kwa kujivuta kwa vyuma na kamba. Kuipanda yote kwa mikono na miguu, kamba ikiwa ya kumdaka anayeteleza tu, kuliwashinda mabingwa. Mwaka 1993 Lynn alifaulu, akiwa na mwenzake Brooke Sandahl. Mwaka uliofuata akarudi, akaimaliza kwa saa 23.

Lakini sikuja kusimulia ushindi. Mwezi Mei 1989, akiwa tayari bingwa, alikuwa Buoux, Ufaransa, akipanda njia rahisi ya kupasha mwili joto. Alipitisha kamba kwenye mkanda wa kiunoni, kisha kabla ya kufunga fundo akaanza mazungumzo, akaenda kuvaa viatu. Koti likafunika kamba. Alipofika juu akaegemea nyuma ili ateremshwe, na kamba ikachomoka. Alianguka zaidi ya mita 20. Mti ulipunguza kishindo. Kiwiko kikateguka, mguu ukavunjika. Alipona, na kosa hilo akalieleza waziwazi katika kitabu chake. Mimi namheshimu kwa hilo kuliko hata zile saa 23.

Mita 20 ni ngapi? Simameni chini ya Fischer's Tower pale Hell's Gate, Naivasha, mtazame juu. Ni karibu kimo hicho.

Nanyi mnazijua siku za wageni wengi: simu inalia, basi la shule limefika, mtoto anataka picha. Ombi langu ni moja. Ukishaanza kufunga fundo, usiitikie salamu ya mtu, hata awe gavana, hadi umalize. Kisha mwenzako afunue koti, alishike fundo kwa mkono wake, naye mgeni aone.

Kamba ziko pale mezani. Simameni wawili wawili, tuanze.