Kumbukumbu za Fedha za Biashara Ndogo kabla ya Makadirio ya Kodi: Hali ya Wilaya za Mbulu na Hanang

Mada hii inachunguza utunzaji wa kumbukumbu za fedha katika biashara ndogo za wilaya za Mbulu na Hanang, mkoani Manyara. Hoja yake kuu ni kwamba sehemu kubwa ya malalamiko kuhusu makadirio ya kodi hutokana na fedha zisizo mauzo kuhesabiwa kuwa mauzo, kwa kuwa mwenye biashara hana maandishi ya kuzitenganisha.

Mauzo ghafi ni jumla ya fedha zote zinazotokana na kuuza bidhaa au huduma katika mwaka kabla ya kutoa gharama yoyote, na faida ni kile kinachobaki baada ya gharama kutolewa. Chini ya Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004, mtu binafsi mkazi ambaye mapato yake yanatokana na biashara peke yake, na ambaye mauzo ghafi yake kwa mwaka hayazidi shilingi 100,000,000, hutozwa kodi kwa kuangalia mauzo hayo bila kujali faida. Kampuni, hata iwe ndogo kiasi gani, haimo katika utaratibu huu, na anayevuka kiwango hicho hutakiwa kuandaa hesabu kamili zilizopitiwa na mhasibu anayetambuliwa. Kwa hiyo muuza sukari na mafuta ya kula, ambaye faida yake kwa kila kilo ni ndogo, anaathirika zaidi mauzo yake yakikadiriwa kupita kiasi kuliko fundi cherehani ambaye mauzo yake karibu yote ni ujira wake.

Sheria yenyewe imeipa thamani kazi ya kuandika. Katika viwango vilivyowekwa mwaka 2019, mwenye mauzo ya zaidi ya shilingi 4,000,000 hadi 7,000,000 asiye na kumbukumbu alitozwa 100,000, ilhali mwenye kumbukumbu alitozwa asilimia 3 ya kiasi kilichozidi 4,000,000. Kwa duka la Dongobesh lenye mauzo ya 5,000,000, hiyo ni 30,000 tu. Katika kundi lililofuata, la hadi 11,000,000, asiye na kumbukumbu alilipa 250,000, na mwenye nazo alilipa 90,000 pamoja na asilimia 3 ya kilichozidi 7,000,000, yaani 150,000 kwa mauzo ya 9,000,000. Viwango hubadilishwa na Sheria ya Fedha ya kila mwaka, na ni wajibu wa mfanyabiashara kuuliza vya mwaka husika katika ofisi ya Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA).

Ugumu wa pekee wa wilaya hizi uko katika fedha zinazopita mkononi bila kuwa mali ya anayezishika. Dalali wa vitunguu saumu wa Mbulu hupokea fedha za mfanyabiashara wa Arusha au Dar es Salaam, huwalipa wakulima, kisha hubaki na ujira wake. Asipoandika fedha ya tajiri katika ukurasa mmoja na ujira wake katika ukurasa mwingine, mamilioni yaliyopita kwenye simu yake yataonekana kuwa mauzo yake. Wakala wa miamala ya simu yuko katika hali hiyohiyo, kwani kipato chake ni kamisheni, wala si fedha alizoweka na kutoa kwa niaba ya wateja. Yupo pia mfugaji mwenye duka, ambaye huuza ng'ombe mnadani ili kuongeza bidhaa: fedha hiyo inapoingia dukani ni mtaji, lakini ikitumbukizwa katika droo ya mauzo bila maelezo, hakuna mtu, hata mwenyewe, atakayeweza kuitambua baada ya miezi sita. Mali kauli, yaani bidhaa zinazochukuliwa kwa ahadi ya kulipa baadaye, iandikwe kwa tarehe mbili, ya kuchukuliwa na ya kulipwa, kwa sababu wateja wengi wa vijijini hulipa baada ya mavuno. Unga na sabuni vinavyochukuliwa dukani kwa matumizi ya nyumbani navyo viandikwe, ingawa jambo hili huwaudhi wengi.

Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inataka kumbukumbu zitunzwe kwa miaka 5, na karatasi peke yake ni mlinzi dhaifu. Maandishi ya risiti za EFD, yaani mashine za kielektroniki za kutolea risiti, hufifia kwa joto na mwanga. Tarehe 3 Desemba 2023 tope lililoporomoka kutoka Mlima Hanang lilivamia mji wa Katesh na vijiji jirani, likaua watu na kufukia nyumba na maduka, mwaka wa hesabu ukiwa umebakiza wiki 4. Daftari lililofukiwa na tope la namna hiyo halirudi. Picha ya kila ukurasa ipigwe kwa simu kila mwisho wa wiki na itumwe kwa ndugu anayeishi mji mwingine.

Baada ya makadirio, kodi hulipwa kwa awamu 4 zinazoishia 31 Machi, 30 Juni, 30 Septemba na 31 Desemba. Kalenda hii haifuati mvua. Awamu ya Septemba hukuta fedha ya mavuno ikiwa bado inazunguka, na hapo ndipo inapofaa kutenga fedha za Desemba na za Machi inayofuata, katika akaunti isiyochanganywa na mtaji wa duka, kwa kuwa ifikapo 31 Machi sehemu kubwa ya mahindi na maharage ya Mbulu na Hanang huwa bado shambani.