Kuaminiana Kazini: Mazungumzo kwa Wakaazi wa Yamumbi



Hapa kuaminiana si neno la semina. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 nyumba zilichomwa, na majirani waliozoea kusaidiana wakaogopana. Leo vijana wa pande zote wanachanganya simiti kwenye mjengo mmoja.

Fundi akimwita msaidizi kwa kabila badala ya jina, kazi imeharibika kabla ya tofali la kwanza. Vivyo hivyo malipo ya jioni yakisukumwa hadi kesho bila maelezo. Pesa zikichelewa, mwajiri aseme mapema, tena mbele ya wote. Msaidizi naye akivunja kifaa asikifiche mchangani, aseme.

Sheria ya Ajira ya 2007 inataka mkataba wa kazi ya miezi mitatu au zaidi uandikwe, na kuuandaa ni jukumu la mwajiri. Wengi hudhani kuomba karatasi ni kumshuku tajiri. Sivyo: karatasi huwaondolea wote wawili ubishi wa mwisho wa mwezi. Anayepanga mjengo mrefu aanze na hiyo, hata kabla ya kununua simiti.