Upepo nao huwekwa akiba

Juzi jioni nilikuwa natoka Kariakoo kuelekea Mnazi Mmoja. Mama mmoja alikuwa akiuza samaki wabichi kwa bei ya hasara. "Chukua, kaka yangu, kesho hawa si wa kuuza tena." Jirani yake, muuza ng'onda, wala hakuwa na haraka.

Nikaukumbuka umeme wa upepo. Huo ni samaki mbichi: usipotumiwa saa ile ile, umepotea.

Majirani zetu wa Kenya wanalijua hilo. Kule Loiyangalani, Marsabit, karibu na Ziwa Turkana, wana mitambo 365 ya upepo yenye uwezo wa megawati 310. Ilikamilika mwaka 2017, ikakaa bure hadi 2018 ikingoja nyaya za kuufikisha umeme Suswa. Hata baada ya hapo, upepo wa huko huvuma zaidi usiku, watu wamelala, na mara nyingine mitambo hulazimika kupunguza kazi.

Je, upepo hauwezi kufanywa ng'onda? Unaweza. Umeme wa ziada hupitishwa majini, maji yakatengana kuwa oksijeni na hidrojeni. Hidrojeni hushindiliwa mitungini. Upepo ukitulia, chombo maalumu huiunganisha tena na oksijeni ya hewani. Umeme hutoka, na kinachobaki ni maji. Kisiwa cha Utsira, Norway, kilianza kujaribu njia hiyo mwaka 2004, kwa nyumba 10.

Lakini tusidanganyane. Ng'onda hupungua uzito. Ukiweka uniti 100 za umeme, utarudishiwa 30 hadi 40 tu, na mitambo yenyewe ni ghali. Kwa akiba ya usiku mmoja, betri ni bora. Hidrojeni ni ya siku nyingi za shwari, katika kisiwa au kijiji ambako dizeli hufika kwa shida.

Hapa kwetu upepo wa Singida umezungumzwa miaka mingi. Kila mkataba wa aina hiyo unapowekwa mezani, wakubwa wasiulizwe megawati ngapi tu. Waulizwe pia: ziada itawekwa wapi, na kijiji kilicho chini ya minara hiyo kitawashiwa taa?

Wahenga walisema akiba haiozi. Naam, lakini humfaa yule aliyewekewa.