Adhuhuri ya Maisha: Jung, Hisia na Umri wa Mtu



Jioni hii namzungumzia Carl Gustav Jung, daktari wa magonjwa ya akili aliyezaliwa Kesswil, Uswisi, mwaka 1875, akafariki mwaka 1961. Nina dai moja juu yake. Wanafunzi wetu humjua kwa mambo ya barakoa, yaani sura tunayowaonyesha watu, na kivuli, yaani upande tunaouficha, lakini kazi yake inayotuhusu zaidi ni ile ya nusu ya pili ya maisha, nayo ndiyo tunayoifundisha kwa uchache.

Nianze na hisia, maana yeye mwenyewe alianzia hapo. Akiwa daktari kijana katika hospitali ya Burghölzli mjini Zurich, chini ya mkurugenzi wake Eugen Bleuler, yeye na mwenzake Franz Riklin waliwasomea watu orodha ya maneno. Kila neno lilitakiwa lijibiwe kwa neno la kwanza linalomjia mtu, huku muda ukipimwa kwa saa. Maneno mengi yalijibiwa upesi. Kisha lilikuja neno moja la kawaida tu, na mtu akasita, akacheka pasipo cha kuchekesha, au baadaye akasahau alichokuwa amejibu.

Katika mihadhara aliyoitoa London mwaka 1935, Jung alisimulia habari za mwanamume wa miaka 35, mzima wa afya, aliyekwama kwenye maneno machache: kisu, mkuki, kupiga, yenye ncha, chupa. Jung alimwambia waziwazi kwamba aliwahi kulewa na kumchoma mtu kisu. Yule bwana akakiri. Alikuwa amefungwa ugenini, akaificha siri hiyo miaka yote. Hakuulizwa swali hata moja juu ya maisha yake. Kigugumizi cha sekunde chache kilitosha kumfichua. Fundo hilo la kumbukumbu, hofu na aibu, linalofanya kazi bila ruhusa ya mwenyewe, ndilo Jung aliloliita kompleksi. Kila mmoja wetu analo. Baba anayewaka hasira kwa sababu mtoto kachelewa kidogo kurudi kutoka dukani, hasira yake ina historia ndefu kuliko kuchelewa huko. Kwa Jung, hisia isiyolingana na kilichoizusha ni taarifa. Isomwe kwanza, kabla hatujakimbilia kuituliza.

Chini ya mafundo ya mtu binafsi aliona tabaka la pamoja, lenye mielekeo aliyoiita akitaipu. Si picha tunazozaliwa nazo. Ni njia ambazo picha hupitia zinapoumbika: Mama, Mtoto, Mzee mwenye hekima, Mjanja anayevuruga mpango wa wakubwa. Aliyelelewa na hadithi za Sungura na Abunuwasi hahitaji kuelezwa sana juu ya huyo wa mwisho.

Hapa ndipo panapohitaji uangalifu. Mwaka 1952 Frantz Fanon, daktari wa magonjwa ya akili kutoka Martinique, alimpinga Jung akisema kwamba yale aliyodhani ni urithi wa binadamu wote, mengi ni mazoea ya jamii: chuki na hofu ambazo Mzungu amefundishwa, kisha akamtwika mtu mweusi. Nakubaliana na Fanon, na ushahidi uko hapa kwetu. Mwishoni mwa mwaka 1925 Jung alishuka Mombasa, akapanda treni hadi Nairobi, kisha akaenda kukaa kwenye miteremko ya Mlima Elgon. Alifanya mashauri na wenyeji, akajifunza Kiswahili kidogo. Aliwaona wakitema mate viganjani alfajiri na kuvielekeza kwenye jua linalochomoza. Mganga mmoja mzee, machozi yakimlenga, alimweleza kwamba zamani waganga waliota ndoto za vita, maradhi na mvua, ila tangu Waingereza waje ndoto zimekoma, kwa kuwa mkuu wa wilaya sasa ndiye ajuaye yote.

Mzee yule alikuwa anaeleza jinsi utawala wa kigeni unavyoingia mpaka usingizini mwa mtu. Jung aliyaandika maneno hayo kwa heshima, na ninamshukuru. Lakini aliendelea kuwahesabu watu hao kuwa wa hatua ya chini ya ufahamu, ilhali walikuwa na marika, utaratibu unaompa kila mtu kazi ya umri wake. Jambo hilohilo Ulaya yake ilikuwa imelipoteza, na yeye alikuwa analitafuta.

Miaka michache baadaye, mwaka 1930, aliandika insha yake juu ya hatua za maisha, akaufananisha umri na mwendo wa jua. Asubuhi mtu hupanda: husoma, huoa au huolewa, hujenga jina. Adhuhuri, kati ya miaka 35 na 40 hivi, jua huanza kushuka, na kanuni za asubuhi hazifai tena. Aliyajua hayo mwilini mwake. Alipoachana na mwenzake mkubwa wa kitaaluma, Sigmund Freud, mwaka 1913 alikuwa na miaka 38, akaandamwa na njozi zilizomfanya ahofie kurukwa na akili.

Katika insha hiyo yumo mzee wa kanisa ambaye tangu miaka 40 alizidi kuwa mkali wa dini, hadi asivumilike. Usiku mmoja, akiwa na miaka 55, aliketi kitandani ghafla, akamwambia mkewe kwamba sasa ameelewa: yeye ni mhuni tu. Miaka iliyobaki aliimalizia katika anasa, akafuja sehemu kubwa ya mali yake. Kwa miaka 15 upande wake aliouzika ulikuwa unagonga mlango, naye akijibu kwa kukaza kanuni.

Jung aliuliza kama ziko shule za watu wa miaka 40, za kuwaandaa kwa alasiri yao. Kwetu, jando na unyago viliwaandaa vijana kuingia asubuhi. Mtumishi wa umma anayekaribia miaka 60 hupelekwa semina ya kustaafu, akafundishwa kiinua mgongo, pensheni na ufugaji wa kuku. Ni mambo ya lazima. Lakini hakuna anayemuuliza atakuwa nani siku simu itakapoacha kulia.

Kwa hiyo nina ombi kwa wanafunzi wa saikolojia. Tungeni orodha ya Kiswahili ya maneno 100 kwa njia ya Burghölzli, yawemo mirathi, mkwe, shamba, cheo, kaburi. Nendeni nayo kwa ridhaa kwa watu waliovuka miaka 40, mijini na vijijini, mkiwa na saa mkononi na masikio wazi. Njooni hapa mtueleze wapi walisita.