Vilima na mabonde ya redio yako

Masomo: Isaya 40:3-5, Nehemia 8:1-8, 1 Wakorintho 14:7-9



Leo nitasema juu ya kitu ambacho wengine watashangaa kukisikia katika mahubiri: vile vijiti vilivyo mbele ya ampli yako, vinavyopanda na kushuka. Vijana wanaviita egalizeri. Shemasi mmoja aliniuliza nitafundisha nini wiki hii, nikamwambia. Akacheka, akauliza kama nimekwisha kumaliza Biblia. Sijaimaliza. Nimesukumwa na jambo lililotokea katika nyumba ya mama mmoja wa kanisa letu, na katika jambo hilo aliyekosa ni mimi.

Mama huyu ni mzee. Anakaa Kadutu, na ninyi mnaojua milima ya Bukavu mnaelewa: miguu yake haiwezi tena kushuka mpaka kanisani na kupanda kurudi. Kwa hiyo anaabudu pamoja nasi kwa redio. Kila nilipomtembelea nilikuwa na desturi ya kumuuliza, «Mama, Jumapili tulijifunza nini?» Zamani alinieleza yote, mpaka mifano. Halafu akaanza kujibu neno moja tu: «Ilikuwa vizuri, Pasta.» Mara ya pili vile vile. Mara ya tatu nilimwambia, mbele ya mkwe wake, kwamba mtu akianza kupoa rohoni, masikio yake hupoa kwanza. Aliinamisha kichwa. Hakunijibu. Niliomba sala fupi nikaondoka, nikiwaza kwamba nimefanya kazi ya mchungaji.

Siku nyingine nilipita pale saa ya kipindi. Redio ilikuwa inasema, na aliyekuwa akihubiri ni mimi, katika mahubiri tuliyoyarekodi. Wapendwa, sikuelewa kitu. Nilisikia «bu-bu-bu» kama mtu anayepiga pipa tupu, na juu yake «sss, sss» kama mafuta ya moto kwenye sufuria. Maneno yenyewe hayakuwapo. Nilikuwa nimeyatunga mimi mwenyewe, na sikuweza kuyafuata!

Kumbe mjukuu wake, kijana anayetengeneza simu, alikuwa amemnunulia nyanya yake ampli na bafle mbili kwa jasho lake. Ile redio ndogo ya zamani iliwekwa chini ya kitanda. Na vijiti vya egalizeri vilipangwa namna vijana wengi wanavyovipanga: vya mwisho huku na huku viko juu kabisa, vya katikati viko chini kabisa, kama mbawa za ndege.

Sasa sikilizeni vizuri. Kila kijiti kinashika sehemu yake ya sauti. Chini ya vijiti vitano vya ampli nyingi za nyumbani utaona tarakimu: 100, 330, 1K, 3.3K, 10K. Hiyo K maana yake ni elfu, na tarakimu ni hesabu ya mitetemo kwa sekunde. Kijiti cha 100 kinashika besi, yaani ngoma na gitaa nzito. Kile cha 10K kinashika sauti nyembamba sana, kama matoazi. Na maneno ya mtu anayesema yanakaa wapi? Katikati. Simu ya kawaida, kwa miaka mingi, ilipitisha sauti kutoka kama mitetemo 300 mpaka 3400 tu, na bado tulizungumza, tulilia, tuliposa wachumba, tulielewana. Kijana wetu alichukua sehemu ile ile ambayo simu ilipigania kuilinda, akaishusha mpaka chini.

Tena angalieni jambo la herufi. Vokali, a na o na u, zina nguvu, zinasikika kwa urahisi. Lakini kinachotofautisha neno na neno mara nyingi ni zile herufi nyembamba kama s, sh, f, t na k, na nyingi kati ya hizo zinategemea sehemu ya mitetemo 2000 mpaka 4000 na zaidi. Ukiipunguza sehemu hiyo, «shika» na «fika» na «pika» zinakuwa neno moja. Mimi nasema shikeni Neno, msikilizaji anapata zikeni Neno!

Na kwa wazee ni vigumu zaidi, kwa sababu sikio la binadamu linapozeeka linaanza kupoteza zile sauti nyembamba. Ndiyo maana mzee anakuambia, «Nasikia, lakini sielewi.» Hasemi uongo. Wewe unaongeza volumu, yeye anapata kelele zaidi na maneno yale yale machache.

Nilimuuliza yule mama kwa nini hakusema. Alitazama mlangoni kwanza, kama kijana yuko karibu. Akasema, «Mtoto aliileta kwa furaha, Pasta. Ningemwambia nini?» Basi alikuwa amekaa miezi bila kulisikia Neno ili asimvunje moyo mjukuu wake. Na mimi nikaja kumkaripia kwamba amepoa. Nilimwomba msamaha palepale, mbele ya mkwe wake yule yule, kwa sababu kosa nililifanya mbele yake.

Turudi kwa Isaya. Nabii anasema juu ya sauti inayolia nyikani na njia ya Bwana inayotengenezwa. Kila bonde litainuliwa, kila mlima utashushwa, palipopotoka patanyoka. Hiyo ndiyo kazi ya kusawazisha. Na jina egalizeri limetoka kwa neno la Kifaransa lenye maana hiyo hiyo. Mafundi wa simu walikihitaji chombo cha namna hii zamani, kwa sababu katika waya mrefu sauti nyembamba zilikuwa zinadhoofika njiani na maneno yakafika yamezibwa. Waliinua kilichoshuka ili neno lifike kama lilivyotoka. Lakini sisi tunakichukua chombo cha kusawazisha na kukifanyia kazi ya kujenga milima na kuchimba mabonde. Halafu tunashangaa kwamba Neno halipiti.

Kijana alipofika tuliitengeneza pamoja. Naeleza tulivyofanya, na wewe fanya nyumbani kwako.

Kwanza tulirudisha vijiti vyote katikati, kwenye alama ya sifuri. Halafu hatukugusa tena egalizeri, tuligusa bafle. Zilikuwa chini sakafuni, kila moja imesukumwa kwenye kona. Bafle ikikaa kwenye kona, kuta na sakafu zinaiongezea besi bila wewe kuomba. Tuliziondoa konani, tukaziweka juu ya meza kwa kimo cha sikio la mtu aliyeketi, zikamtazama mama. Nusu ya kazi ilikwisha hapo, na hatukulipa hata franka.

Pili, tulitafuta mtu anayesema, si wimbo. Wimbo unadanganya, kwa sababu unaujua tayari na kichwa chako kinajaza maneno. Habari ni nzuri kwa kazi hii. Sauti ya mtangazaji ilikuwa bado kama mtu aliye ndani ya mtungi. Tulishusha kijiti cha 330 kidogo, na mtungi ukaondoka. Tuliinua 3.3K kidogo tu, kwa ajili ya masikio ya mama. Herufi s ikaanza kuchoma, tukashusha 10K kidogo. Basi. Hakuna kijiti kilichokwenda mbali na katikati. Na mwenye kuamua hakuwa kijana wala mimi. Tulimuuliza mama arudie alichosikia, na aliporudia sentensi nzima tuliondoa mikono.

Kijana aliniambia kwa heshima, «Papa Pasta, lakini muziki bila besi si muziki.» Mwanangu, nakuunga mkono. Nilipokuwa chuo cha Biblia nilipiga gitaa ya besi katika korali, na hata leo naipenda. Lakini fanya hesabu. Ukiinua kijiti cha 100 kwa desibeli 10, unaidai ampli nguvu mara 10 kwa sauti hizo. Ampli ndogo haina nguvu hizo, kwa hiyo inaanza kukata sauti na kukwaruza, na bafle inaungua. Kama unatumia batri ya sola, itakuishia kabla ya ibada kwisha. Na katika nyumba zetu za mbao, besi ndiyo inayopita ukuta kuliko sauti nyingine zote. Jirani yako hapati wimbo wa sifa. Anapata ngoma tu, usiku, na mtoto wake ana homa. Usimwambie kwamba ni Roho Mtakatifu. Ukitaka maneno yatokee zaidi, shusha kinachoyafunika kabla ya kuinua chochote.

Kuna wakati wa kuongeza besi kidogo: asubuhi na mapema, redio ikiwa chini ili wengine wasiamke. Sikio letu kwa sauti ndogo linazipoteza besi kwanza, kwa hiyo kuongeza kidogo si kosa. Ukipandisha volumu mchana, irudishe.

Egalizeri haiwezi yote. Kama redio inakwaruza kwa sababu haijashika kituo vizuri, geuza antena kwanza. Mvua ikipiga mabati, sogeza kiti karibu na bafle, hakuna kijiti kitakachoishinda mvua ya Bukavu. Na kosa lingine ni letu sisi wahubiri. Tunaimeza mikro! Mikro nyingi za mkononi, ukizigusisha na midomo, zinaongeza besi zenyewe, na maneno yanazibwa tangu hapa studio. Nimeanza kuishika mbali kidogo, kama upana wa mkono. Mkinisikia nimesahau, mnijulishe.

Paulo aliwaambia Wakorintho kwamba filimbi na kinubi vikikosa kutofautisha sauti, hakuna atakayejua kinachopigwa, na tarumbeta ikitoa sauti isiyoeleweka hakuna atakayejiandaa kwa vita. Alikuwa anasema juu ya lugha katika ibada, najua. Lakini mfano aliochukua ni wa vyombo, na bafle yako nayo ni chombo. Na wakati wa Ezra, watu walisimama tangu asubuhi mpaka adhuhuri wakisikiliza torati. Walimjengea jukwaa la mbao ili aonekane akiwa juu yao, na Walawi waliwasaidia watu kuelewa. Walijisumbua hivyo ili hata aliye nyuma apate maana.

Jumatatu iliyofuata nilirudi Kadutu. Sikuuliza swali langu, niliona haya. Mama alianza mwenyewe. Alinirudishia mahubiri yote, mpaka mfano wa mwisho, halafu akaongeza, «Ila Pasta, ulitaja Nehemia sura ya 9. Uliyosoma ni sura ya 8.» Nilifungua Biblia. Nilikuwa nimekosea.

Jumapili hii, mara baada ya habari, tutasoma Nehemia 8 polepole, bila muziki chini yake, sauti ya mwanamume kisha sauti ya mwanamke. Rudisheni vijiti katikati kabla hatujaanza. Mwiteni mzee wa nyumba aketi mahali pake, na ninyi muulizeni alichosikia. Bwana awabariki.